Kofia Kwenye Gurudumu la Mvuke

Juma lililopita nilimpelekea mjukuu wangu Rama chakula gerejini kwake, nyuma ya soko la Dodoma, na kabla sijaufikia mlango nikasimama. Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Ilikuwa harufu ya mafuta ya taa, ya mafuta machafu ya injini, na ya kitu kilichobanwa kati ya chuma na chuma kikaungua muda mrefu mpaka kikawa gamba. Sijui ni miaka mingapi nilikuwa sijainusa, lakini pua yangu haijazeeka kama magoti yangu. Nilijikuta nimeshika ukuta.

Rama alikuwa ameinamia lori dogo lililofunguliwa injini. Alikuwa anabandua gasketi kuukuu kwa bisibisi, kwaru kwaru, huku anapiga mluzi. "Shikamoo, bibi. Weka hapo juu ya meza," akasema bila kugeuka. Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza nani aliyemfundisha kukwangua uso wa chuma kwa bisibisi. Nikamuuliza pia kama ameziba matundu ya silinda kwa matambara, kama ameyahesabu hayo matambara, na kwa nini hakuliloweka lile gamba kwanza badala ya kulikwangua kavu na kulivuta puani. Kijana akaacha mluzi, akanitazama kama mtu aliyemsikia mbuzi wake akisoma barua. "Bibi, hayo umeyajulia wapi?" Nilimwomba ufunguo wa gari, nikaufumbata mkononi, nikakaa juu ya tairi kumngoja amalize. Wewe uliyezaliwa wakati wa Mdachi kama mimi, na sasa tumebaki wachache, labda utanielewa nikikueleza kwa nini niliutaka.

Baba yangu alikuwa fundi wa mtambo wa maji pale Zuzu, siku zile reli ilipokuwa bado ngeni na watu wa mbali walikuwa wanakuja na watoto wao kuitazama tu. Kwao kulikuwa Busi, huko Kondoa, lakini ujana wake ulikwisha kwenye ujenzi wa reli, na huko ndiko alikojifunza chuma. Treni zile zilikuwa zinakunywa maji kwelikweli, na nchi yetu unaijua: maji yako chini, na hayapandi kwa kuombwa. Kwa hiyo Wadachi waliweka mtambo. Upande mmoja wa banda la mabati kulikuwa na boila, tangi kubwa lililokokewa moto wa kuni. Kutoka hapo bomba la mvuke lilipita ukutani, likashuka mpaka kwenye shimo la kisima ambako pampu ilikaa. Karibu na boila, juu ya bomba hilo, kulikuwa na gurudumu jekundu la ukubwa wa sinia. Ukilizungusha huku mvuke unakwenda, ukilizungusha huku unafungika. Aliyekaa kwenye boila hakuweza kumwona aliye shimoni, wala aliye shimoni hakumwona aliye kwenye boila. Nakuomba ulishike hilo.

Pampu ilikuwa na kifuniko kizito kilichokazwa kwa nati, na kati ya kifuniko na pampu baba alilaza kitu cha kijivu, kinene kama ngozi ya mbuzi, alichokikata kwa umbo lake. Rama anakiita gasketi. Baba alikiita mkeka. Mkeka ukichoka, mvuke hupenya pembeni na kuanza kulia kama mluzi, na hapo hapana budi kufungua, kubandua mkeka uliochakaa, kusafisha chuma cha juu na chuma cha chini mpaka ving'ae, na kulaza mkeka mpya. Vyuma hivyo viwili baba aliviita nyuso. "Leo naiosha uso," alikuwa akimwambia mama asubuhi, na mama alikuwa anajua kwamba atarudi amechelewa.

Mimi nyumbani nilisema Kirangi. Kiswahili cha kazini nilikiokota kwa baba vipandevipande, na uso niliokuwa naujua mimi ulikuwa na macho, pua na mdomo. Basi nikaamini kwamba mtambo ule ulikuwa na uso, tena nyuso mbili, na kwamba baba alikuwa anauosha kama mama alivyoniosha mimi kwa nguvu nisije nikaonekana mchafu mbele ya wageni. Niliuogopa sana. Ulikuwa unapumua, ulikuwa unatoa jasho, na ulipolia mluzi niliona dhahiri kwamba umekasirika.

Nilipenda kumtazama baba akifanya kazi hiyo, maana hakuwa na haraka nayo. Alifunga gurudumu mpaka likakataa. Alifungua kibomba kidogo cha chini, akaacha mvuke uliobaki utoke wote, akangoja mpaka pakawa kimya, akagusa kifuniko kwa nyuma ya mkono. Ndipo alipolegeza nati, moja huku na moja upande wa pili. Mkeka uliochakaa aliulowanisha kwanza, akauacha unywe, kwa sababu vumbi lake lilikuwa linamwasha kifua. Kisu hakukigusa. Alikuwa na kibao cha mpingo alichokichonga mwenyewe, bapa mbele kama ulimi, na kipande cha shaba kwa mahali penye ukaidi. "Kisu kinaacha mkwaruzo," aliniambia, "na mvuke unautafuta mkwaruzo kama maji yanavyotafuta bonde." Matundu aliyaziba kwa matambara matatu ili makombo yasiingie ndani, na alipomaliza aliyatoa akiyahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Mwisho alifumba macho, akapitisha kidole juu ya chuma. Halafu alikishika kidole changu na kukipitisha palepale. "Unasikia kitu?" Nikasema sisikii. "Basi amependeza," alisema.

Lakini kabla ya hayo yote alikuwa na jambo lake moja. Alivua kofia yake, ile ya kitambaa cheupe aliyodariziwa na mama, akaitundika kwenye gurudumu jekundu. Hakuwa na kofia nyingine. Chibago, Mgogo mmoja mrefu aliyekuwa akikoka moto, alijua maana yake, na yeyote aliyefanya kazi pale alijua: kofia ikiwa kwenye gurudumu, Fundi ana mikono ndani ya pampu, na gurudumu haliguswi hata Kaisari mwenyewe akija kuomba maji. Aliyeruhusiwa kuitoa ni baba peke yake. Wote walijua, isipokuwa mimi. Mimi siku moja nilimuuliza baba kwa nini anaivua, naye, kwa kuwa alipenda kunitania, akasema, "Namfunika macho. Hapendi kuona anavyooshwa uso." Nikacheka, naye akacheka, na nikauamini mzaha huo kwa moyo wangu wote.

Mwaka huo, siku chache kabla ya Idi ya Kuchinja, mtambo ulianza kulia. Siku ya kwanza ulilia kidogo. Siku ya pili tuliusikia nyumbani, na mama akasema mlio huo unamwingia tumboni na haupendi. Siku ya tatu mbwa wa jirani walikuwa wanaujibu. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza, vumbi jekundu limejaa kila chungu, na mimi nilikuwa nalala nimejifunika kichwa nikisema moyoni kwamba yule mwenye nyuso mbili safari hii amekasirika kupita kiasi. Baba alikwenda kwa Mdachi aliyesimamia kituo, mtu mwekundu wa shingo ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Saa, maana saa yake ya mnyororo ilikuwa mkononi kuliko mfukoni. Baba alimwomba moto uzimwe siku nzima, boila lipoe, ndipo afungue pampu. Bwana Saa akakataa. Treni ya alasiri ilikuwa inakuja, na moto ukizimwa hautawaka tena kwa wakati. Fundi afunge gurudumu tu, afanye haraka. Nilimsikia baba akimweleza mama hayo kwa sauti ya chini.

Siku hiyo, ambayo kesho yake ilikuwa Idi, mama alinipa ugali wa uwele na mlenda nimpelekee baba. Wakati ananifunga kaniki aliniambia, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyotoka, "Kofia ya baba yako inanuka mtambo. Kesho atasimama nayo mbele za watu. Leo nikiipata naiosha." Hakuniambia niilete. Hilo nimelirudia mara nyingi maishani mwangu, nikimtafutia mama hata kosa dogo, na sikuliona.

Nilipofika bandani palikuwa na ukimya. Baada ya siku tatu za mluzi, ukimya ule ulinitisha kuliko mluzi wenyewe. Chibago hakuwapo, alikuwa amekwenda kuleta kuni. Moto ulikuwa unavuma ndani ya boila, na kofia ya baba ilikuwa imetundikwa kwenye gurudumu, ina alama nyeusi za vidole pembeni. Nikaweka chakula chini. Nikasikiliza. Sikusikia kibao kikikwangua. Nikafikiri: amekwisha kuoshwa, na sasa amelala, ndiyo maana amenyamaza. Aliyelala hana haja ya kufunikwa macho. Nikanyoosha mkono, nikiwa nimesimama kwa ncha za vidole, nikaitoa kofia polepole nisimwamshe.

Nyuma ya boila kulikuwa na hori ambamo maji ya uvuguvugu yalidondoka. Nikachukua jivu, nikachuchumaa, nikaanza kuifua. Nilikuwa na furaha. Nilimwona mama akistaajabu, nikamwona baba kesho yake kwenye safu ya watu wanaosali, kichwa chake ni cheupe kupita vyote. Alama za vidole zilikuwa zinatoka moja moja. Kwa mbali treni ikalia, mapema kuliko siku zote, na muda si muda ikaingia na kusimama ng'ambo ya banda, ikipumua kwa kishindo hata ardhi ikatetemeka.

Nilimwona Chibago akirudi na mzigo wa kuni. Nilimwona Bwana Saa akija kwa miguu yake mirefu, saa mkononi. "Maji! Treni iko hapa, maji wapi?" Chibago akatua kuni, akaliangalia gurudumu. Akaliangalia tena, akaenda mpaka karibu, akainama kuona kama kofia imeanguka. Akageuka upande wa kisima, akaita, "Fundi! Tayari, Fundi?" Treni ilikuwa inapumua, na hata mimi niliyekuwa hatua kumi kutoka kwake nilimsikia kwa shida. "Fungua!" akasema Bwana Saa. Mimi nilikuwa naikamua kofia. Ningeweza kusimama wakati ule. Sikujua kwamba kulikuwa na sababu ya kusimama.

Chibago akazungusha gurudumu.

Sikumsikia baba. Nilichosikia ni mtambo ukipumua mara moja, pumzi ndefu, na wingu jeupe likapanda kutoka shimoni juu ya paa la banda. Chibago alilifunga gurudumu palepale, akakimbilia kisimani. Baba alikuwa hajaanza kukwangua kwa sababu mkeka ulikuwa bado unaloa. Alikuwa ameinama, akiuangalia uso wa chuma kwa karibu, kama alivyozoea. Walimtoa Chibago na mfanyakazi mwingine. Nilimjua kwa miguu yake, maana uso wake walikuwa wameufunika kwa shuka ya Chibago.

Siku ya Idi hakuna aliyesali nyumbani kwetu. Baba alilala mkekani, amepakwa mafuta ya kondoo, kitambaa chepesi juu ya uso, na pumzi yake ilikinyanyua na kukishusha. Bwana Saa alikuja na askari mmoja na Chibago. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akasema kwamba mtambo umesimama, treni imechelewa, na Chibago atapelekwa Dodoma bomani apigwe hamsa ishirini kwa kufungua mvuke bila kuangalia. Sijui kama wadogo wa leo wanajua hamsa ishirini ni nini. Sisi tunajua: ni viboko ishirini na vitano. Mtu alikuwa anabebwa kwenda kwao baada ya kiboko hicho, na wengine walibebwa mara ya mwisho.

"Kofia haikuwapo," alisema Chibago. Alisema mara tatu, kwa sauti ileile, haombi. Mimi nilikuwa pembeni ya mlango, na kofia ilikuwa imefungwa ndani ya kaniki yangu, tumboni, bado mbichi. Ubichi wake ulikuwa umepenya mpaka nje ya kaniki. Chibago akaniangalia. Akaangalia kaniki yangu, mahali palipolowa, kisha akanitazama machoni, na nikajua kwamba amejua. Neno moja lake lingetosha. Neno moja langu pia lingetosha. Nilikuwa nalo mdomoni, nilikuwa nalionja, na nililimeza. Nasema bila kujificha: niliogopa kiboko kuliko nilivyompenda mtu yule, na nimeishi na aibu hiyo mpaka mvi hizi. Chibago aligeuza uso, akatazama nje.

Ndipo kitambaa kikanyanyuka na baba akasema, taratibu, kwa midomo iliyovimba, "Chibago hana kosa. Kofia sikuitundika."

"Wewe kila siku tundika," akasema Bwana Saa.

"Jana nilisahau."

Mama aligeuka akamtazama mumewe, halafu akainamisha kichwa. Hapakuwa na mtu chumbani aliyeamini kwamba baba angeweza kusahau. Mtu anayehesabu matambara matatu kwa sauti hasahau kofia. Lakini Bwana Saa alitaka jibu, na jibu alikuwa amelipata. Aliifungua saa yake, akaifunga, akasema fundi anayesahau hana kazi, na nyumba ile ni ya reli, waondoke kabla ya mwezi kwisha. Askari akamwachia Chibago mkono.

Tuliondoka Zuzu baba alipoweza kukaa juu ya punda. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na ngozi ya shavu imevutwa upande mmoja, nyekundu na laini kama ya mtoto mchanga. Watu njiani walikuwa wanamwangalia kisha wanaangalia chini. Chibago alitusindikiza nusu siku, amebeba chungu na mikeka yetu ya kulalia, na wakati wa kuagana alimpa baba mkono. Kwangu mimi aliinama. "Mbukwa, mwanangu," akasema, kwa salamu ya kwao, akaniwekea kiganja kichwani, na kiganja kile kilikuwa kizito. Sikumwona tena. Ningependa kusema kwamba nilimtafuta nilipokuwa mtu mzima, lakini sikumtafuta.

Siku ya pili ya safari tulipumzika asubuhi kwenye kivuli cha miiba. Mama alikwenda kutafuta maji, na nikabaki na baba. Nilikaa upande wa jicho lililokufa ili asinione. Kisha, bila kugeuka, aliuliza, "Ilikauka?"

Nilijifanya sikuelewa.

"Kofia," akasema. "Ilikauka?"

"Bado, baba." Na kweli ilikuwa bado, kwa kuwa sikuwa nimethubutu kuianika mahali popote. Nilikuwa natembea nayo tumboni siku zote hizo, na jasho langu lilikuwa haliipi nafasi.

Nilingoja kofi. Nililitaka lile kofi kuliko chakula. "Nilikwambia mzaha," alisema mwishowe. "Mtoto haambiwi mzaha juu ya mvuke." Akanyoosha mkono, nikampa kofia. Ilikuwa nyeupe, haina hata doa, imeanza kunuka uvundo. Aliipitishia kidole pembeni polepole, jicho lake moja limefumbwa, kama alivyokuwa anapitisha juu ya chuma. Kisha akanirudishia. "Ishike wewe," akasema. Hakuivaa tena hata alipozikwa, na hakulitaja jambo lile tena, si kwangu wala kwa mama, kwa miaka yote tuliyolima pamoja Busi.

Rama alimaliza alasiri. Alikuwa ametupa bisibisi na kujichongea kijibao kutoka kwenye ubao wa sanduku, kwa ajili ya kunifurahisha mimi tu, nadhani. Aliyatoa matambara akiyahesabu kwa sauti, akinikonyeza: moja, mbili, tatu, nne. Alilaza gasketi mpya, akakifunga kichwa cha injini, akakaza nati, moja huku na moja upande wa pili, akajipangusa mikono. "Haya, bibi. Nipe ufunguo niliwashe."

Nikamwambia anionyeshe mikono yake kwanza. Akadhani namtania, akainyoosha yote miwili, akaigeuza viganja na mgongo. Nikaitazama. Nikautazama na uso wake, macho yote mawili. Ndipo nikafumbua kiganja, na ufunguo ulikuwa umelowa.